Waliovushwa Rufiji na Wajukuu Waliorudi

Kiongoroni ni kijiji cha majini. Kimekaa katika delta ya Mto Rufiji, wilayani Kibiti, mahali ambapo mto uliokuwa mmoja hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia katika bahari inayoikabili Mafia. Huko safari hupangwa kwa maji kujaa na kupwa, na kila mti wa pwani una jina lake: mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, mkomafi, msikundazi. Delta hii ndiyo yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote katika pwani ya Afrika Mashariki, hekta zipatazo 53,000. Kwa muda mrefu boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba, na mpunga wa bonde lake ukailisha Unguja, hata Rufiji ikapata kuitwa Calcutta Ndogo.

Boriti zilihesabiwa kwa koroja, ishirini ishirini, na nahodha aliyezipakia alijua idadi yake tangu gatini hadi bandari ya kushushia. Watu waliopitishwa karibu na delta hiyo hiyo katika karne ya kumi na tisa hawakupata hesabu ya namna hiyo. Wengi hawakuandikwa popote, wala jina, wala kabila, wala mama. Wajukuu wao ndio wanaouliza leo: asili yetu ni wapi?

Njia za kupitishwa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bahari. Majahazi yaliyotoka Kilwa Kivinje yalipakia watu walioteremshwa kutoka bara la kusini, Wayao, Wamakua, Wangindo na watu wa Ziwa Nyasa, yakapita katika mlango wa Mafia na kuelekea Unguja na kaskazini zaidi. Njia ya pili ilikuwa ya nchi kavu, nayo ilistawi kwa sababu ya kwanza ilifungwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said alitia saini mkataba na Waingereza, biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikapigwa marufuku na soko la Unguja likafungwa. Wafanyabiashara hawakuacha kazi yao, waliigeuza njia. Misafara ikapanda kutoka Kilwa kwa miguu, ikauvuka Mto Rufiji, ikapita nyuma ya Dar es Salaam na Bagamoyo hadi Pangani, na kutoka huko wengine wakavushwa Pemba na wengine wakasukumwa mbele kuelekea kaskazini.

Mwingereza mmoja, Frederic Elton, aliifuata njia hiyo mwishoni mwa mwaka 1873 na mwanzoni mwa mwaka 1874. Katika muda wa mwezi mmoja tu aliwahesabu zaidi ya watu 4,000 wakiongozwa kuelekea kaskazini. Mwaka 1876 Barghash aliipiga marufuku misafara hiyo ya bara pia. Hesabu ya Elton ni ya mwezi mmoja na ya jicho la mpita njia, lakini ni miongoni mwa hesabu chache zilizobaki za watu waliovushwa Rufiji, na ndani yake hamna hata jina moja.

Sehemu ya watu hao iliishia Benadiri, katika miji ya Barawa, Merka na Mogadishu, na katika mashamba ya bonde la Mto Shebelle. Wakati huo mashamba hayo yalikuwa yakipanuka kwa pamba, ufuta na mtama, na kazi ya jembe ilitafutiwa mikono ya mbali. Mwanahistoria Lee Cassanelli amekadiria kwamba watu walioingizwa katika bonde hilo kati ya mwaka 1800 na 1890 huenda walifikia 50,000.

Kabla ya hao wa kusini, walikuwa wamekwisha kutangulia Wazigua. Masimulizi ya wajukuu wao husema kwamba katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga nchi ya Uzigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula, wakaahidiwa kazi ya muda na kurudishwa makwao, wakapandishwa vyomboni na kuuzwa Benadiri. Masimulizi hayo hayo humtaja mwanamke aitwaye Wanakhucha, mwenye karama ya kuona mambo, aliyewaongoza kutoroka mashambani. Walikusudia kurudi Uzigua kwa miguu. Walifika Mto Juba wakaishia hapo, katika msitu mnene wenye mbung'o ambao wafugaji wa Kisomali waliuepuka. Nchi hiyo ikaitwa Gosha, na wenyewe wakaitwa Wagosha. Baadaye watoro wengine wa makabila mengi wakaungana nao, na mwishoni mwa karne hiyo mkubwa wao mashuhuri alikuwa Nassib Bundo, ambaye asili yake hutajwa kuwa Myao.

Kuna methali ambayo kila mtoto wa pwani ameisikia: mwacha asili ni mtumwa. Kwa kawaida hutumiwa kumkemea kijana anayedharau mila za wazee. Historia ya Gosha huilazimisha isomwe upya, kwa kuwa hapa hakuna aliyeacha asili yake akawa mtumwa. Watu walifanywa watumwa kwanza, na kuachishwa asili kulikuwa sehemu ya kufanywa huko: jina jipya, lugha ya bwana, ukoo wa bwana.

Hata hivyo hawakuachishwa wote kwa kiasi kimoja. Wazigua walichukuliwa kwa wingi kutoka nchi moja na katika kipindi kimoja. Walitoroka pamoja, wakalima pamoja, wakaoana. Kwa hiyo Kizigua kiliendelea kusemwa kando ya Juba ya chini kwa zaidi ya miaka 150, na hata jina ambalo Wasomali waliwaita, Mushunguli, ni sauti ya neno Mzigula iliyogeuka midomoni mwa wageni. Waliovushwa Rufiji walikuwa na bahati nyingine. Walikamatwa mmoja mmoja katika nchi nyingi, wakachanganywa njiani na kuuzwa kwa miaka tofauti. Mtu na jirani yake hawakuwa na lugha moja ya kuwafundisha watoto. Catherine Besteman, Mmarekani aliyeishi katika kijiji cha bonde la Juba mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuta huko wazao wa watu hao wakisema Kimaay na wakijihesabu katika koo za Kisomali. Koo hizo ziliwapokea, lakini hazikuwasahaulisha walikotoka, kwani waliitwa jareer, watu wa nywele ngumu.

Dini ilitoa nafasi ambayo ukoo haukuitoa. Tarika ya Qadiriyya, iliyoenezwa Benadiri na Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, iliwaita mabwana na watumwa katika halaka moja. Sheikh huyo alifika pia Unguja wakati wa Barghash, na tarika yake ikaenea mrima. Huko Bagamoyo kiongozi mashuhuri wa Qadiriyya alikuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa na kufa mwaka 1931 akiwa mwalimu wa maelfu. Basi katika miaka ile ile ambayo mtu wa Rufiji na nduguye wa Juba hawakuwa na habari yoyote ya kupashana, huenda wote wawili walikaa usiku wa Ijumaa wakitaja majina yale yale ya silsila. Silsila ya masheikh ilihifadhiwa, ya mama zao ikapotea.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka. Wakulima wa Juba, wasio na silaha wala koo kubwa za kuwatetea, waliporwa ghala zao na majeshi ya kila upande yaliyopita bondeni. Njaa ikafuata. Wengi walikimbilia Kenya, katika kambi za Dadaab, na huko ndiko jina jipya, Bantu wa Somalia, lilikoenea katika maandishi ya mashirika ya misaada. Wengine walishika njia ya bahari hadi Mombasa na Tanga. Waliofika Tanzania waliwekwa kwanza Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo katika wilaya hiyo hiyo.

Handeni ni Uzigua. Wageni hao walipofungua vinywa, wenyeji waliwafahamu. Maneno ya Kisomali yalikuwa yamekwisha kuingia, lakini lugha ilikuwa ile ile. Safari iliyokatizwa Juba katika karne ya kumi na tisa ilimalizwa na vitukuu, nao hawakuwa na hati yoyote mkononi isipokuwa usemi wa bibi zao. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi ya kulima, na kufikia mwaka 2014 zaidi ya 1,000 kati yao walikuwa wamepewa uraia.

Ni kisa cha furaha, lakini kisifanywe hadithi nyepesi. Kwanza, kupokelewa hakukutokana na damu peke yake. Lugha ilifungua mlango, kisha yakahitajika mambo ya dunia: shamba, maji, shule, na karatasi yenye muhuri. Pili, wapo waliokosa mlango huo. Katika miaka ya 1990 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliuliza kama Tanzania, na baadaye Msumbiji, zingewachukua wengine waliokuwa Dadaab, kwa kuwa wazee walizitaja nchi hizo kuwa za babu zao. Mipango hiyo haikutimia. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea, na kuanzia mwaka 2003 watu wapatao 12,000 walianza kusafirishwa kwenda huko. Ndiyo maana leo katika miji ya Marekani kama Lewiston, katika jimbo la Maine, wapo watoto ambao babu zao wa nyuma walivushwa Rufiji wakiwa wamefungwa, na ambao huulizwa shuleni asili yao ni wapi wakajibu Somalia, nchi iliyowakana.

Watoto hao wakitaka kurudi, watarudi wapi? Vipimo vya vinasaba vinavyouzwa siku hizi huweza kumwonyesha mtu eneo pana la bara. Haviwezi kumwonyesha kijiji wala kumtajia shangazi. Daftari za watumwa walioachwa huru zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar zina majina na makabila, nazo ni hazina, lakini zinawahusu walioachwa huru Unguja na Pemba, si waliopitishwa mbali kaskazini. Kinachobaki ni kumbukumbu ya upande wa pili, yaani ya waliobaki: majina ya vivuko na njia za zamani, majina ya koo, nyimbo za jando na unyago, visa vya mtu aliyekwenda kisimani asirudi.

Hapo ndipo kisa hiki kinapoigusa Rufiji. Mikono ya delta haikupitika kwa misafara ya miguu. Mto ulivukwa juu zaidi, pale unapokuwa mmoja. Lakini bonde ni moja na watu wake, Warufiji, Wandengereko na Wanyagatwa wa visiwani, wameoana siku zote. Misafara ile ilihitaji mitumbwi ya kuvukia na chakula cha kununua. Maelfu ya watu hawawezi kuvuka mto mkubwa pasipo kuonekana, wala kula pasipo mtu wa kuwauzia mchele. Wako waliouza. Wako pia, bila shaka, waliomficha mtoro katika mikoko, ambamo mtu asiyejua maji hathubutu kumfuata. Mwuzaji na mfichaji wote wana wajukuu Rufiji, na wajukuu hao hukaa kimya kwa sababu mbili zinazofanana: mmoja haoni fahari kusema babu yake alipata faida, mwingine haoni fahari kusema babu yake alikuja akiwa mtumwa.

Ukimya huo una adabu yake. Katika pwani nzima, kumuuliza mtu asili ya bibi yake kulikuwa njia ya kumwaibisha, na wazee walioamua kutouliza waliwalinda wengi. Zanzibar ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, lakini neno lenyewe liliendelea kuuma majumbani muda mrefu baada ya sheria. Kunyamaza kulisaidia watu kuishi pamoja.

Lakini sasa ukimya huo unawanyima wasiohusika na aibu yoyote. Anayeuliza kutoka Lewiston hatafuti wa kumlaumu, wala hadai shamba la mtu. Anataka kujua wimbo alioimbiwa bibi wa bibi yake ulikuwa wa lugha gani. Jibu la swali hilo haliko Marekani wala Juba. Kama lipo, limo katika vichwa vya wazee wachache kati ya Kilwa na Kibiti, na halijaandikwa. Wazigua waliweza kurudi kwa sababu ncha mbili za uzi zilikuwa hai kwa wakati mmoja: Juba walikisema Kizigua, na Handeni palikuwa na wa kukisikia. Kwa waliovushwa Rufiji ncha ya kaskazini imekatika zamani. Ya kusini bado ipo, na kazi ya kuiandika ni ya wenyeji wa huku, kabla wazee hao hawajaondoka nayo.