Hando ni letu, merikani je?

Kila msimu wa harusi na sherehe za utamaduni huku Kwale, mtandaoni hujaa picha za mabinti wamevaa hando, na chini yake maneno ni yaleyale: vazi letu la asili. Sawa, sibishi. Lakini hebu tuulizane, kile kitambaa cheupe kilitoka wapi?

Jina lake lishajibu: merikani. Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha majora Unguja na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kutoka pwani merikani iliingia bara, mpaka ikawa inatumika kama pesa. Sasa sikiliza hii. Pamba ya viwanda vile ilichumwa na watumwa kusini mwa Marekani. Yaani mtu alichukuliwa Afrika, wajukuu zake wakachuma pamba kwa kiboko, halafu kitambaa kikarudi Afrika kuuzwa. Mimi hapo huwa nanyamaza kwanza.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliifanya bidhaa iadimike, na vitambaa vya Bombay vikapata nafasi. Jina merikani halikuondoka.

Na msidhani pwani haikujua uzi. Kilwa na Shanga wachimbuaji wamepata vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vya kusokotea pamba. Ibn Battuta alipofika Mogadishu 1331 alikuta nguo zinazofumwa pale zikiuzwa hadi Misri!

Leo pamba inalimwa hapahapa Kwale. Kampuni ya nguo ya Australia, Cotton On, imekuwa ikinunua kwa wakulima wetu, na hilo sina ugomvi nalo, mkulima alipwe. Ila shuka Ukunda ukatafute fulana: mtumba, au ya dukani kutoka ng'ambo. Pamba tunayo, marinda tunajua kuyapanga. Kinachokosekana ni ile kazi ya katikati, kusokota na kufuma, na ndiko pesa iliko.

Ninachotamani kuona ni jora moja tu la pamba ya Kwale, lifumwe hapa Kenya, lishonwe hando. Hata likiwa ghali.

Kama una bibi aliyewahi kushona hando, iwe Kinango au Msambweni, muulize merikani alinunua wapi na kwa bei gani. Niandikie hapo chini, nakusanya.