Macho ya Gizani na Kivuli

Jioni ya Likoni, Kisauni au Changamwe haikawii. Mombasa i karibu na Ikweta, na jua likishatua mwangaza hufifia upesi. Baada ya muda mfupi mtu aliyesimama chini ya mwembe huonekana umbo, haonekani uso. Saa hiyo komba huamka. Mnyama huyu, aliyesifika pwani kwa kunywa tembo katika vibuyu vya wagema, ana utando nyuma ya jicho unaorudisha nuru, naye huruka mnazi hadi mnazi bila kukosea. Mwanadamu hakupewa macho hayo. Amepewa taa, na amepewa fikira za kujifanya kuwa anayo.

Fikira hizo zina historia yake. Mwaka 1974, katika Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akachukua nafsi ya mtu wa hadithi. Mmoja wao huwa mwamuzi, na dadu hukata mambo yenye shaka. Safari nyingi za mchezo huo ni za mapangoni, na pangoni swali la kwanza ni hili: nani anaona? Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Katika mchezo huu mambo ni kinyume: mwenye macho lazima aambiwe anaona nini, na umbali gani, ama sivyo ugomvi huzuka.

Katika kanuni za miaka ya 1978 na 1979, kibete wa hadithi, mchimbaji wa mapango, alipewa uwezo wa kuona joto hadi futi 60, yaani kama mita 18. Wazo hilo lilitoka katika elimu ya kweli. Mwaka 1800 William Herschel, akiwa Uingereza, aliipasua nuru ya jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, akakuta joto mahali pasipoonekana nuru yoyote. Lakini kwa macho ya joto kivuli si kitu: adui aliyejificha kivulini hung'aa kwa joto la mwili wake. Tena mwenge wa mwenzake kibete uliyaharibu macho yake. Waamuzi walipata kazi kubwa.

Mwaka 2000 joto liliachwa. Kibete akapewa macho yaonayo gizani kwa rangi nyeupe na nyeusi tu. Masahihisho ya mwaka 2003 yakaigawa nuru ya mwenge: futi 20 za mwangaza kamili, na futi 20 nyingine za kivuli. Kisha toleo la mwaka 2014 likaweka kanuni fupi: mwenye macho hayo huliona giza kana kwamba ni kivuli, na kivuli kana kwamba ni mwangaza.

Hapa ndipo penye fundisho. Atafutaye kitu kwa macho kivulini hutupa dadu ya nyuso 20 mara mbili, akachukua namba iliyo ndogo. Basi kibete anayeudharau mwenge hatembei katika mwangaza. Hutembea katika kivuli safari nzima, na mtego ulio mbele ya mguu wake waweza kumpita. Akiwasha mwenge ataona vema, lakini adui naye atamwona kutoka mbali. Na kama mwenzake ni binadamu, bila mwenge huyo haoni kitu kabisa. Kipaji cha mmoja hakikuwaondolea wote haja ya taa.

Macho yetu nayo hufuata kanuni iliyo karibu na hiyo. Msomaji, zima taa usiku usio na mbalamwezi, ukae nje kama nusu saa. Polepole utaanza kuona mti, ukuta na njia, lakini vyote vitakuwa vya kijivu, kwa sababu sehemu za jicho zitumikazo gizani hazitambui rangi. Mtu akija na taa kali, yote uliyoyapata yatapotea mara moja. Waliotunga kanuni za mchezo walihitaji miaka 40 kulifikia jambo hili: kuona gizani si kuliondoa giza, na mwenye macho makali apaswa kumshikia taa mwenzake.