Onyesho la skrini na nakala ya karatasi

Onyesho la skrini na nakala ya karatasi ni sura mbili za kazi moja ya kompyuta, na mara nyingi hazifanani. Wenye steshenari mjini Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, huulizwa sababu kila mteja anapolinganisha alichokiona na alichokilipia.

Skrini hutoa mwanga: mwekundu, wa kijani na wa bluu. Rangi hizo zikikolea pamoja, jicho huona nyeupe. Printa hupaka wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na kila tone hupunguza mwanga unaorudishwa na karatasi. Kijani kikali cha mpunga wa Kyela, kinachong'aa kwenye simu, hutoka kimefifia kwenye kalenda. Printa haijaharibika, wino hauwezi kukifikia kijani hicho.

Nukta nazo hutofautiana. Skrini ya kawaida ya mezani huwa na takriban 96 kwa inchi, ilhali picha ya kuchapwa huhitaji 300. Picha ya upana wa nukta 960 hujaza inchi 10 za skrini, lakini karatasini hutosha inchi 3 na kidogo tu. Ndiyo maana picha iliyobanwa na WhatsApp huchakaa ikikuzwa kwa bango la harusi.

Juhudi za kupatanisha sura hizi zilianza zamani: programu ya Bravo ya Xerox PARC, Marekani, ilionyesha ukurasa karibu kama utakavyochapwa tangu 1974.

Usumbufu mkubwa zaidi, kwa maoni ya makala hii, ni fonti. Kinyakyusa, lugha ya wenyeji wa Kyela, kina irabu saba, na baadhi ya machapisho huandika mbili kati yake ɨ na ʉ. Faili ikihamishiwa kompyuta isiyo na fonti iliyotumika, mistari husogea na herufi hizo huweza kugeuka visanduku vitupu. Baadhi ya printa hutumia fonti zao za ndani. Hapo skrini huwa sahihi, karatasi ikakosea. Muundo wa PDF, uliotolewa na Adobe mwaka 1993, huweza kubeba fonti ndani ya faili.

Hata hivyo PDF haitibu ukubwa wa karatasi. Letter ya Marekani huizidi A4 upana kwa milimita 6 na kupungua urefu kwa milimita 18. Skrini haijali. Printa husimama, taa ikiwaka, ikidai karatasi ambayo ni nadra kuuzwa Tanzania, hadi mhudumu abadilishe mpangilio.