Mitwaba: uji wa mtoto, kutoka posho ya kampuni mpaka chungu cha mama

Mitwaba, Haut-Katanga. – Mama aliyekimbia kijiji chake mara nyingi anabaki na unga kidogo wa mihogo ao wa mahindi. Mtoto akifikisha miezi 6, ziwa la mama peke yake halimtoshi tena, na uji mweupe ndio unakuwa chakula chake cha kwanza. Tumbo linajaa, lakini mwili haupati cha kujengea. Shida hiyo haikuanza leo katika Katanga.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni ilitafuta wanaume kwa mikataba mifupi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili siasa: mfanyakazi akae kambini na bibi na watoto. Posho ikatolewa kwa familia nzima, watoto wakapimwa kilo kwenye dispensari. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa wakubwa wa siasa hiyo. Vifo vya watoto kambini vilipungua. Lakini kampuni ilikuwa na hesabu yake: mtoto wa leo ni mfanyakazi wa kesho. Na chakula kilitoka depo, si shamba la mama.

Gécamines ilirithi migodi, na posho ikaendelea. Miaka ya 1990 shaba ikaanguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango mmoja, na jamaa zao zikabaki bila posho.

Huku Mitwaba, vita ndivyo vilikata chakula. Maï-Maï wa Gédéon Kyungu Mutanga walifukuza watu mashambani mpaka alipojisalimisha Mitwaba, mwezi wa tano 2006. Mwaka 2011 alitoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi, na watu wakakimbia tena. Eneo la Mitwaba, Manono na Pweto likaitwa pembetatu ya kifo. Msaada ulifika, lakini msaada ni kama posho: unakuja, unaisha.

Kumbe dawa ilianza kujulikana zamani. Mwaka 1933, daktari Cicely Williams, akiwa Ghana ya leo, aliandika juu ya watoto wenye kuvimba miguu na ngozi kubanduka. Walikuwa wakilishwa uji wa mahindi mtupu. Wenyeji waliita ugonjwa huo kwashiorkor: ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa mdogo wake akizaliwa.

Miaka ya 1960, Kampala, hospitali ya Mulago ilifungua kituo cha Mwanamugimu. Mama alikaa pale na mtoto wake, akajifunza kupika kitobero: ndizi ao viazi, pamoja na maharage, kalanga ao samaki, vyote vya kijijini kwake. Aliporudi nyumbani alibeba ufundi, na ufundi hauishi kama gunia.

Ufundi huo unawezekana Mitwaba pia. Vikombe vinne vya mahindi kwa kikombe kimoja cha soja. Soja ikaangwe vizuri kabla ya kusaga. Pasipo soja, kalanga zilizopondwa zinafaa. Zenye ukungu zitupwe, zina sumu. Ndagala zilizotwangwa, lengalenga laini na kijiko cha mafuta ya ngazi vinaongeza nguvu. Uji uwe mzito, ushike kwenye kijiko. Uji wa maji maji unadanganya tumbo.

Kati ya miezi 6 na 8, mtoto ale mara 2 ao 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 ao 4. Ziwa liendelee mpaka miaka 2 na zaidi.

Lakini mtoto aliyekwisha kuvimba miguu, ao aliyekonda sana, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huyo uji wa nyumbani peke yake hauwezi kumponya.