Ugonjwa wa Philadelphia na Akiba Isiyooza

Watu wengi wakisikia kwamba ugonjwa fulani huletwa na maji, hufikiri mara moja juu ya tumbo. Hukumbuka kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo, nao hawakosei, maana magonjwa hayo yameua watu wengi sana tangu zamani. Sisi walimu tumezoea kuwaambia watoto wachemshe maji kabla ya kuyanywa, wala hatuna neno la kuondoa katika fundisho hilo. Lakini maji yana njia ya pili ya kumdhuru mtu, nayo ni njia ya pumzi. Kijidudu kimoja kikaacho majini hakimpati mtu kwa kunywa, bali kwa kuvuta hewa, na kazi yake ni kuleta kichomi, yaani homa ya mapafu. Kijidudu hicho kilitambuliwa mwaka wa 1977. Jinsi kilivyotambuliwa ni habari tuliyoona yafaa kuwaandikia wasomaji wetu, kwa kuwa ndani yake mna fundisho juu ya maji, na fundisho kubwa zaidi juu ya watu.

Katika mwaka wa 1976 watu wa Marekani walikuwa wakisherehekea kutimia kwa miaka 200 tangu taifa lao lilipojitangazia uhuru katika mji wa Philadelphia. Mwaka huo huo, tarehe 21 hadi 24 Julai, chama cha askari wa zamani kiitwacho American Legion, tawi la jimbo la Pennsylvania, kilifanya mkutano wake katika mji huo. Makao ya mkutano yalikuwa Bellevue-Stratford, hoteli kubwa yenye sifa iliyojengwa katika njia iitwayo Broad Street. Wajumbe walipita elfu mbili, na wengi walifuatana na wake zao na jamaa zao. Walikula pamoja, wakaandamana, wakakumbushana habari za vita, kisha kila mtu akarudi kwao.

Hazikupita siku nyingi, habari za misiba zikaanza kutoka huku na huku katika jimbo lile. Mtu alishikwa na homa kali, kichwa kikamgonga, viungo vikamwuma, kikohozi kikaingia na kifua kikambana. Baada ya siku chache amekufa. Katika mji mwingine mwenzake alikufa vivyo hivyo. Kwa kuwa wagonjwa walikuwa wametawanyika, kila mganga alimwona mgonjwa wake mmoja tu, akadhani ni kichomi cha kila siku. Ni wakubwa wa chama wenyewe, waliokuwa wakipokea barua na simu za tanzia, ambao walianza kuhesabu wakaona ya kuwa wafu wote walitoka katika mkutano mmoja. Hesabu ilipokamilika, waliougua walikuwa 221, na katika hao 34 walikufa. Tena 39 kati ya wagonjwa hawakuwa watu wa mkutano kabisa; walikuwa wamepita tu au kusimama nje karibu na hoteli ile.

Hapo ndipo ilipoonekana tabia iliyo sawa kwa wanadamu wote. Katika vijiji vyetu, kifo kikifuata kifo katika nyumba moja, watu huuliza "Nani?" kabla ya kuuliza "Nini?" Hutafutwa jirani mwenye kijicho, au mama mzee akaaye peke yake, na ulimi mmoja ukisha kusema, masikio mia husadiki. Wako wanaosema kwamba mambo hayo ni ya watu wasiosoma. Basi na watazame Philadelphia. Nchi ile ina vyuo vikuu na hospitali zisizohesabika. Walakini magazeti yalijaa tuhuma. Wengine walisema ni adui wa taifa aliyewawinda askari. Wengine walisema sumu imetiwa chakulani au majini. Wengine waliogopa kwamba ni homa ya mafua ya nguruwe, iliyokuwa imeonekana katika kambi moja ya askari mwezi wa Februari mwaka ule. Mtaalamu mmoja aliona madini ya nikeli katika mapafu ya wafu, watu wakasema, "Jibu limepatikana". Baadaye ikaonekana kwamba nikeli haikuwa chanzo cha vifo vile.

Na hoteli je? Hakuna aliyeonyesha kwamba wenye hoteli walikusudia kumdhuru mtu, lakini wageni waliikimbia kama ikimbiwavyo nyumba yenye ndui. Vyumba vilikaa vitupu, na tarehe 18 Novemba 1976 milango ilifungwa. Wapishi, wafuaji na wapagazi wa hoteli wakapoteza kazi zao, na sababu ya vifo ilikuwa bado haijajulikana.

Wakati huo wote kulikuwako watu waliokuwa wakiuliza "Nini?" Ofisi ya Serikali ya Marekani ya kuzuia magonjwa, iliyoko katika mji wa Atlanta, ilimtuma Dakta David Fraser pamoja na wenzake. Wao waliwaendea wagonjwa na wazima, wakawahoji mmoja mmoja: Ulikula nini? Ulilala chumba gani? Ulikaa wapi, na kwa muda gani? Kazi hiyo yachosha, wala haina sifa machoni pa watu, lakini ilizaa matunda. Waliona ya kuwa chakula hakikuwa sababu. Waliona ya kuwa waliokaa muda mrefu katika ukumbi wa mbele wa hoteli waliugua zaidi kuliko wengine. Waliona tena ya kuwa jamaa waliowauguza wagonjwa nyumbani hawakuambukizwa. Basi ugonjwa haukutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, bali yaelekea ulikuwamo katika hewa ya mahali pale. Lakini kitu chenyewe hawakukiona. Miezi ikapita, na lawama zikawaangukia wachunguzi hao hata katika Baraza la taifa.

Katika maabara ya Atlanta alikuwako mtu aitwaye Joseph McDade, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza vijidudu vya jamii nyingine. Mwezi wa Agosti alikuwa amechukua vipande vya mapafu ya wafu akawadunga simbilisi, wanyama wadogo wafananao na panya wasio na mkia. Wanyama wale waliugua. Alipotazama kwa hadubini, yaani darubini ya kutazamia vitu vidogo mno, aliona hapa na pale vijiti vichache sana vya bakteria. Alidhani ni uchafu ulioingia kwa bahati mbaya, kwa maana vilikuwa vichache, na bakteria za kichomi zilizojulikana zingalionekana kwa urahisi. Lakini jambo lile halikumtoka moyoni. Katika siku zilizo baina ya Krismasi na mwaka mpya, wenzake walipokuwa wakipumzika, alirudi kwenye vioo vyake vya zamani akavitazama tena, kidogo kidogo, kila pembe. Akaona vijiti vile vimekusanyika pamoja. Mahali palipo na kusanyiko hapawezi kuitwa uchafu wa bahati.

Akavitia vijidudu hivyo katika mayai yenye vifaranga, na safari hii hakutia dawa za kuua bakteria, ambazo ilikuwa desturi kuzitia. Vikaota. Kisha akachukua maji ya damu ya watu walioponea Philadelphia akayakutanisha navyo. Mtu aliyepata kupigana na kijidudu, damu yake huhifadhi silaha zilizofanywa kwa ajili ya kijidudu kile tu, hata baada ya kupona. Damu ya waliopona ilivitambua vijidudu vya McDade. Tarehe 18 Januari 1977, yeye na mkubwa wake Charles Shepard walitangaza kwamba chanzo kimepatikana. Mwaka wa 1979 kijidudu kikapewa jina Lejionela pneumofila, likiwa na kumbukumbu ya chama cha askari wale, na neno la pili maana yake ni "kipendacho mapafu."

Sasa twafika mahali ambapo sisi twaona ni kiini cha habari yote. Katika maabara ile ile ya Atlanta kulikuwa na akiba. Mwaka wa 1965 kichomi kilikuwa kimezuka katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington, watu 81 wakaugua, na sababu haikupatikana. Mwezi wa Julai 1968, katika mji wa Pontiac jimboni Michigan, watu 144 walipatwa na homa na maumivu ya mwili. Wengi wao walikuwa wafanya kazi wa jengo moja, nalo lilikuwa ofisi ya afya yenyewe! Hawakupata kichomi wala hakufa mtu, nao wakapona kwa siku chache. Hata wachunguzi walioingia katika jengo lile waliugua. Sababu haikupatikana vilevile. Lakini watu wale, waliposhindwa, hawakutupa kitu. Damu za wagonjwa zilitiwa katika baridi kali, zikaandikwa tarehe na mahali, zikawekwa. Baada ya tangazo la 1977 zilitolewa zikajaribiwa, nazo zikajibu: ni Lejionela. Swali la miaka 12 na swali la miaka 9 yakajibiwa pamoja. Wahenga wetu walisema, "Akiba haiozi," nao walinena habari za nafaka. Neno lao limekuwa kweli hata kwa damu iliyomo barafuni.

Hivyo ikajulikana ya kuwa ugonjwa wa Philadelphia haukuwa mgeni. Ulikuwa umewaua watu kwa miaka mingi chini ya jina la kichomi tu, bila kutambuliwa. Hakuna adui aliyeuleta.

Ulitoka wapi basi? Kijidudu hiki hukaa katika maji baridi ya mito, maziwa na udongo wenye unyevu, tena kwa uchache usiodhuru. Mwaka wa 1980 Timothy Rowbotham wa Uingereza alionyesha jinsi kinavyojiongeza: ameba, mnyama mdogo sana wa majini ambaye chakula chake ni bakteria, hukimeza, lakini kijidudu hakimeng'enywi. Hukaa ndani yake, huzaana, kisha humpasua na kutoka kwa wingi. Na katika mapafu ya mtu zimo chembe za ulinzi zinazomeza vijidudu mfano wa ameba. Hapo hutenda kama kilivyozoea kutenda majini. Kwa sababu hii dawa kama penisilini, isiyofika vema ndani ya chembe, haikuwafaa wagonjwa wa Philadelphia, na waliopewa erithromisini walipona zaidi.

Hupenda maji ya uvuguvugu, baina ya digrii 20 na 45, yaliyosimama au yaendayo polepole katika mabomba yenye kutu na utelezi. Maji ya digrii 60 hukiua. Na ili kimpate mtu, sharti maji yawe matone madogo mno yarukayo hewani. Watu wa miji mikubwa, kwa kutaka raha, wametengeneza mambo hayo yote kwa mikono yao wenyewe: minara ya kupozea maji juu ya mapaa, ambayo hutoa ukungu, mabomba marefu ya maji ya moto, vinyunyizio vya kuogea, madimbwi ya maji ya moto yenye mapovu. Ushahidi wa Philadelphia ulielekea kwenye mitambo ya kupozea hewa ya hoteli. Katika Pontiac ilionekana wazi kwamba ukungu wa mtambo ulikuwa ukivuja ndani ya njia ya hewa ya jengo.

Kujua hakutoshi pasipo bidii. Mwaka wa 1985 katika mji wa Stafford, Uingereza, watu 28 walikufa kwa ugonjwa huu, nao ulitoka katika mnara wa kupozea wa hospitali iliyokuwa mpya. Mwaka wa 1999 katika maonyesho ya maua ya Bovenkarspel, Uholanzi, dimbwi la mapovu lililowekwa ili kuuzwa lilisababisha vifo vya watu wapatao 30, na wengi wao walikuwa wakipita tu kulitazama. Mwaka wa 2015 ugonjwa ulizuka katika mtaa wa Bronx, New York, na baada ya hapo mji ukatoa sheria kwamba kila mnara wa kupozea uandikishwe na kukaguliwa.

Wasomaji wetu wa vijijini wasiogope kisima chao kwa ajili ya habari hizi, wala wasimkimbie mgonjwa wa kichomi. Lakini wako ndugu zetu wanaofanya kazi katika hoteli na hospitali za mijini, nao na wajue mambo haya: tangi la maji lifunikwe na kusafishwa; maji ya moto yawe ya moto kweli, na ya baridi yawe baridi; bomba lililokaa siku nyingi bila kufunguliwa liachwe kwanza litiririshe, na watu wasilisogelee. Wazee, wavuta tumbako na wenye mapafu dhaifu ndio wapatwao upesi.

Na kwa wote, hata wale wasioona mnara wa kupozea maisha yao yote, tuna neno moja. Msiba ukiingia kijijini, andikeni. Mwalimu ana kalamu, na mganga wa zahanati ana daftari. Andikeni tarehe, umri, mahali marehemu alipolala, alichokula, maji aliyotumia, na dalili moja moja. Huenda jibu lisipatikane mwaka huu, wala mwaka ujao. Watu wa Atlanta walikaa na maswali ya Washington na Pontiac miaka mingi pasipo jibu, lakini kwa kuwa waliweka akiba, siku ilipofika walikuwa na kitu cha kuuliza. Na kijiji chenye daftari kitamwacha mama mzee alale kwa amani nyumbani mwake.