Gitaa la Nyumbani: Siri ya Familia za Hawaii Iliyobaki Kidogo Izikwe na Wazee

Leo ukitaka kujifunza gitaa unashika simu, unaandika unachotaka, na ndani ya dakika mbili mwalimu yuko mbele yako anakuonyesha vidole vinakaa wapi. Lakini kule visiwa vya Hawaii kuna staili moja ya gitaa ambayo kwa zaidi ya miaka 100 mambo hayakuwa rahisi hivyo. Kitabu hakuna, darasa hakuna, na jirani anayejua hakuonyeshi ng'o. Ilikuwa mali ya familia, kama vile bibi anavyoficha mapishi yake.

Staili hiyo inaitwa ki ho'alu, maana yake "legeza ufunguo". Wanaoongea Kiingereza wanaiita slack key. Ufunguo wenyewe ni kile kipini cha kichwani mwa gitaa, unachokizungusha kukaza au kulegeza uzi.

Na amini usiamini, stori inaanzia kwa ng'ombe.

Mwaka 1793 nahodha Muingereza George Vancouver alimletea Mfalme Kamehameha wa Kwanza zawadi ya ng'ombe. Mfalme akapiga marufuku kuwaua ili wazaane. Wakazaana kweli! Kufika miaka ya 1830 walikuwa maelfu, wakali, wanazurura porini na kuvamia mashamba ya watu. Ikabidi Kamehameha wa Tatu aite wachunga ng'ombe wa Kimexico kutoka California, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Mexico, waje kuwafundisha wenyeji kupanda farasi na kutupa kamba.

Jamaa walikuja na magitaa yao. Mchana kazi, usiku muziki pembeni ya moto. Inasemekana kazi ilipoisha wengine walirudi kwao na kuwaachia wenyeji magitaa, bila kuwaachia maelekezo ya kutosha. Na hapa ndipo majina yanapopotea. Hakuna anayemjua kwa jina mchunga ng'ombe wa kwanza wa Hawaii aliyekaa na gitaa lile barazani kwake, akalegeza uzi mmoja, akasikiliza, akalegeza na mwingine, mpaka likaanza kuimba kama alivyozoea kusikia nyimbo za kwao. Hakuacha picha wala saini, ila alichokianzisha kipo mpaka leo.

Sasa kinafanyikaje? Gitaa la kawaida ukilipiga nyuzi zote bila kubonyeza popote, unapata sauti isiyoeleweka. Wahawaii wana mpango mmoja maarufu wa nyuzi unaoitwa "shamba la magimbi", kwa sababu magimbi kwao ndiyo chakula cha asili. Uzi wa 6 unashushwa kutoka E kwenda D, wa 5 kutoka A kwenda G, na wa 1 kutoka E kwenda D. Nyuzi tatu za katikati haziguswi. Ukipiga zote wazi, inatoka kodi kamili ya G. Kidole gumba kinatembeza besi, vidole vingine vinacheza melodi juu yake. Mtu mmoja, lakini ukifumba macho utadhani wako wawili.

Huo ni mpango mmoja tu. Kila familia ilikuwa na yake, na ililindwa kweli kweli. Mtoto hakufundishwa kwa maneno: alikaa, akatazama, akasikiliza, na akiuliza sana alifukuzwa. Kuna wazee waliokuwa wakimaliza kupiga wanazilegeza nyuzi zote kabla ya kuweka gitaa chini, ili mgeni akilishika asiambulie kitu. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Usiwacheke wazee hawa. Mwaka 1893 malkia wao, Liliuokalani, alipinduliwa. Mwaka 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa vyote. Mtu aliyenyang'anywa nchi, na lugha ikatolewa darasani, anabaki na nini? Anabaki na nyumba yake na kile kilichomo ndani. Gitaa lilikuwa mojawapo.

Tatizo ni kwamba siri ina pande mbili. Ile ile iliyoulinda muziki ndiyo iliyoanza kuuua. Vijana wakavutiwa na muziki wa kisasa, mzee anafariki, anazikwa na mpango wake wa nyuzi. Basi, imeisha hiyo.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1946, Gabby Pahinui aliporekodi wimbo wa Hi'ilawe kwa staili hii. Mwamba huyu aliwahi kufanya kazi ya kutengeneza barabara, na nyumbani kwake Waimanalo palikuwa kijiweni kwa wanamuziki. Mwaka 1960 Leonard Kwan akatoa kitabu cha kujifunzia. Mwaka 1973 Keola Beamer naye akatoa cha kwake. Kilichokuwa kinafichwa sasa kikawa kwenye karatasi, mtu yeyote anaweza kukaa chumbani kwake akajifunza. Mwaka 2005, tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki wa Hawaii ilipotolewa kwa mara ya kwanza, ilienda kwa albamu ya ki ho'alu.

Kuna waliolalamika kwamba urithi umegawiwa kama njugu. Lakini mipango ya nyuzi inayopigwa leo ni ile ambayo kuna mtu alikubali kuionyesha. Iliyofichwa mpaka mwisho haipo tena, na hata aliyeificha hakumbukwi kwa jina.

Haya mdau, tuambie hapo chini: kwenu kuna mzee anayejua kitu ambacho hakuna mwingine anakijua? Na umeshakaa naye akuonyeshe?