KCPE, mjadala wa kufutwa kwake

Mabishano ya umma nchini Kenya kuhusu mtihani wa taifa wa darasa la nane, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 pamoja na kuanza kwa mfumo wa 8-4-4, na kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Alama zake, katika miaka ya mwisho kati ya 500, ndizo zilizoamua nani aende shule ya kitaifa na nani ashike njia nyingine.

Wakosoaji walilaumu kukariri, masomo ya ziada ya alfajiri na wizi wa mitihani. Watetezi wake walikuwa na hoja nzito kuliko walivyosikizwa: kwa mtoto wa maskini, karatasi iliyosahihishwa na asiyemjua ilikuwa kinga dhidi ya upendeleo. Mtaala wa Umilisi (CBC), uliochukua nafasi ya 8-4-4, ulipoanza kitaifa mwaka 2019, wazazi wengi waliteta juu ya gharama ya vifaa na kazi za nyumbani zilizowaangukia wao. Walimu nao walitaja uhaba wa mafunzo na madarasa.

Mwaka 2022 Rais William Ruto aliunda jopokazi la mageuzi ya elimu chini ya Profesa Raphael Munavu, lililokusanya maoni kaunti zote 47. Lilipendekeza sekondari ya msingi (gredi ya saba hadi ya tisa) iwe katika shule za msingi, jambo lililowapunguzia hofu wazazi waliochelea kupeleka watoto wadogo bwenini. Mitihani haikutoweka: tathmini ya kitaifa ya gredi ya sita, KPSEA, huchangia asilimia 20 ya alama za kuingia sekondari ya juu.